Mlima wa Mashemeji Wawili

Magego alipoachana na mkewe, watu walimpa pole ya mke. Walimshika bega wakamwambia ndoa ni majaliwa, wengine wakamwambia maji yakimwagika hayazoleki, na yeye akaitikia "asante" kwa wote, maana hakujua amweleze nani kwamba walikuwa wanapuliza pasipo na jeraha. Mke alikuwa ameondoka polepole, kwa miaka, kama sabuni inavyoisha bafuni. Siku alipobeba masanduku yake, kilichotoka kilikuwa kipande tu kilichobaki. Aliyekatika ghafla, kama kamba ya ndoo kisimani, alikuwa shemeji.

Jina la Magego alilipata kazini. Alikuwa fundi wa meno ya bandia kwenye kliniki moja, katika chumba cha nyuma chenye dirisha linalotazamana na ukuta. Mbele huko daktari wa meno alipokea wagonjwa na kuwachukua vipimo vya vinywa. Vipimo vikiletwa nyuma, Magego alimimina plasta, akapata ufizi wa mtu asiyemjua, akapanga meno moja moja juu ya nta ya rangi ya waridi, kisha mwisho wa yote akayasugua kwa msasa mpaka yakang'aa. Mtu alipotoka nje akicheka na kinywa kipya, Magego hakuwa na habari.

"Umechekesha nusu ya mji huu," daktari alizoea kumtania, naye alikuwa mama mwenye utani mkavu, "na hakuna hata mmoja anayeijua sura yako."

Magego alicheka kwa pua, akarudi kwenye nta yake. Hakuwa msemaji. Maneno kwake yalikuwa kama wageni: aliyaheshimu, lakini hakupenda yaje mengi kwa pamoja.

Shemeji, kaka wa mkewe, alikuwa kinyume chake kabisa. Yeye alikuwa fundi wa lifti kwenye maghorofa ya mjini, na mdomo wake haukuwa na breki. "Wiki nzima nawapandisha watu bila kutoa jasho," alisema. "Jasho lao lote nalitoa mimi Jumapili." Ndiye aliyemwingiza Magego kwenye baiskeli. Harusi haijapoa, alikuja nyumbani akikokota baiskeli ya mbio ya mtumba, tairi nyembamba kama mkanda, akaiegemeza ukutani na kutangaza: "Huwezi kumuoa dada yangu halafu ukakaa unanenepa bure. Panda!"

Tangu hapo, Jumapili ilikuwa yao. Walikutana asubuhi kwenye kituo cha mafuta cha njia panda, wakatoka mjini magari yangali machache, wakarudi jua likiwa kali na miguu imekuwa uji. Shemeji alitangulia, kichwa amekigeuza upande, akisimulia: bosi wake, mwenye jengo aliyenaswa ndani ya lifti yake mwenyewe, jirani anayefuga jogoo asiyejua saa. Maneno yalirudi nyuma na upepo mpaka kwa Magego, naye akajibu "Mm." Ilitosha. Nyumbani ile "Mm" ilikuwa kosa. Juu ya baiskeli ilikuwa jibu kamili, kwa sababu watu wawili wakipanda kilima, hakuna anayeuita ukimya wao kununa.

Na ulikuwapo mlima. Asubuhi za baada ya mvua ulionekana kutoka mjini, samawati, umekaa kule mbali kama mtu mzima aliyejifunika shuka. Barabara ya lami iliupanda kwa kona baada ya kona mpaka juu kabisa kwenye mgongo wake, kisha ikateremkia upande wa pili. Wenyewe wawili waliuita Mama Mkwe. "Mlima ule huuendei umevimba kichwa," shemeji alieleza. "Unakwenda umeinama, unapiga hodi, unaamkia, unasubiri uambiwe karibu." Kila mwaka walisema mwakani. Magego hakuona haraka. Kitu ambacho mna hakika mtakifanya pamoja kina raha yake hata kabla hakijafanyika.

Jumapili ya kwanza baada ya masanduku kutoka, Magego alifika kituo cha mafuta kama kawaida. Alisubiri. Jua lilipanda, magari yakaongezeka, mjaza mafuta akamuuliza kama baiskeli yake inatumia dizeli. Baadaye simu ikaleta ujumbe mfupi: *Leo sitaweza.* Wiki iliyofuata: *Nimebanwa kidogo.* Iliyofuata, kimya.

Magego alielewa, au alidhani ameelewa. Damu nzito kuliko maji. Dada ameachika, kaka ataendeshaje baiskeli na aliyemwacha? Hakupiga simu kuuliza. Kwanza aliona haya. Pili alijiambia kwamba mtu akikufungia mlango, kubisha tena ni kumwongezea kazi ya kukufukuza. Jina lilibaki kwenye simu, *Shemeji*, na kila alipolipita akitafuta namba nyingine, alijiuliza kama bado ni jina au limeshakuwa kumbukumbu.

Alihamia vyumba viwili juu ya duka la magodoro. Baiskeli aliitundika ukutani sebuleni, jambo ambalo mkewe asingelikubali hata kwa dawa. Usiku wa kwanza alikaa akaitazama, akangoja furaha ya mtu aliyeshinda ubishi. Haikuja. Ushindi bila mpinzani ni kama kupiga makofi kwa mkono mmoja.

Mambo yakaenda hivyo, hata daktari akamwita ofisini.

"Likizo zako zimelundikana mpaka zinanitisha," alisema. "Chukua, au nitakufungia mlango kwa nje. Na usiende kukaa kitandani kuhesabu mbao za dari. Una pa kwenda?"

Magego alifungua kinywa kusema hana, akajisikia akisema, "Nakwenda mlimani. Kwa baiskeli."

"Mlima upi? Ule?" Daktari aligeuka dirishani, ingawa siku ile mawingu yalikuwa yameufunika. "Na nani?"

"Na baiskeli."

Daktari alimtazama juu ya miwani, akaona asiendelee.

Ndivyo alivyoanza kupanga. Alinunua ramani ya barabara, akaitandaza sakafuni kwa kuwa meza haikutosha, akapiga magoti. Barabara ya Mama Mkwe ilionekana kama uzi ulioangushwa na mshonaji mwenye hasira. Kwa shemeji, kupanga kulikuwa maneno: tutapumzika pale, tutakunywa chai hapa, kwenye daraja tutatukana kidogo halafu tutaendelea. Sasa maneno hayakuwapo, na Magego alilazimika kupanga kwa kitu alichokijua, yaani mikono. Alichukua waya laini anaoutumia kukazia meno ya pembeni, akaupinda juu ya ramani ukafuata kila kona, kisha akaunyoosha apate urefu. Ulikuwa mrefu kuliko alivyotaka. Kazini, wakati wa chakula cha mchana, alichukua mabaki ya nta akaanza kuchonga: hapa mwinuko wa kwanza kwenye mikaratusi, hapa bonde dogo na daraja, hapa baada ya daraja ule ukuta ambao kila dereva wa lori aliusema vibaya, na juu kabisa mgongo. Nta ilikuwa ya waridi, kwa hiyo mlima nao ukawa wa waridi.

Daktari alipoingia kuchukua meno ya mgonjwa aliuona mezani. Akauinua, akaugeuza kwenye mwanga, uso umekunjamana.

"Huyu ufizi wake umepatwa na nini?"

"Siyo mgonjwa, daktari. Ni mlima."

"Afadhali. Nilikuwa nafikiria namna ya kumpa taarifa."

Magego alicheka, safari hii kwa mdomo, na moyoni akatafuta mtu wa kumsimulia. Aliyemjia ni yule yule.

Swali moja lilimshinda. Baiskeli yake ilikuwa na gia za barabara tambarare na vilima vya kawaida. Kwa mlima mrefu kama ule, gia za nyuma zilitakiwa kubadilishwa, ziwe nyepesi zaidi, lakini kiasi gani? Mambo hayo yalikuwa ya shemeji. Magego kazi yake ilikuwa kumshikia tochi. Aliandika ujumbe, akaufuta. Aliandika mwingine, mrefu, wenye habari za afya na za mwanawe aliyekwenda kukaa na mama yake, akaona unanuka kubembeleza, akaufuta pia. Mwishowe akaandika kama mtu anayetuma telegramu: *Nakwenda kwa Mama Mkwe. Gia za nyuma niweke zipi?*

Jibu lilikuja kesho yake mchana. *Weka nyepesi kuliko zote. Usione haya. Mlima hautazami.*

Hapakuwa na salamu wala neno la pili. Lakini Magego aliusoma akiwa na plasta vidoleni, akausoma tena ngazini, na usiku akausoma akitafuta kama nyuma ya maneno yale kuna mengine. Hayakuwapo. Alikwenda kwa fundi baiskeli akaweka gia nyepesi kuliko zote.

Mazoezi aliyafanya kwenye kilima cha tangi la maji, karibu na kwake. Alipanda, akashuka, akapanda, mpaka mlinzi wa tangi akamuuliza kama amepoteza kitu. Alipunguza sukari. Alijifunza kula ndizi bila kusimama. Kwenye kibanda cha chai walikozoea kupumzika, muuza chai aliweka vikombe viwili mezani kwa mazoea, kisha akauliza, "Mwenzio yuko wapi siku hizi?"

"Yupo," Magego alijibu, akakirudisha kikombe kimoja.

Jumapili moja alipita mtaa wa shemeji. Haikuwa njia yake; alijidanganya kwamba anakwepa foleni. Miezi yote ile alikuwa na picha kichwani, na picha yenyewe ilikuwa ikimtafuna: shemeji akiendesha na watu wengine, kichwa kando, akiwasimulia wageni habari za jogoo. Sasa alipunguza mwendo mbele ya geti. Barazani, nyuma ya viti, aliiona baiskeli ya shemeji. Tairi zote mbili zilikuwa zimelala chini, na juu ya usukani zilikuwa zimeanikwa soksi na taulo.

Aliendelea bila kusimama. Angefarijika kwamba hakuna mgeni aliyechukua nafasi yake, lakini ilimchoma zaidi. Kumbe mtu alikuwa radhi kuacha baiskeli kabisa kuliko kuendesha naye!

Wiki ya mwisho kabla ya safari, mtalaka wake alikuja kliniki. Hakuja kwa daktari. Alipitishwa mpaka chumba cha nyuma, akasimama mlangoni akiwa na koti la mvua la baiskeli mkononi, lile la njano.

"Lilikuwa kwenye mzigo wangu," alisema. "Nimesikia unakwenda kule juu. Kuna baridi."

"Karibu. Kaa." Magego aliondoa taya la plasta kwenye kiti. "Umesikia kwa nani?"

"Kwa kaka. Ulimwandikia, si ndiyo?" Alikaa ukingoni, kama mtu aliye kwenye chumba cha kungojea. "Siku ile alinisomea huo ujumbe wako. Akanisomea tena. Sijui alitaka niseme nini."

Magego alikunja koti. "Mwambie namshukuru. Na usimlaumu kwa kunijibu. Najua ni kwa ajili yako ameacha, na ni haki yake."

"Ameacha nini?"

"Kuendesha. Na mimi."

Mwanamke alifumba macho kama mtu aliyeumwa na jino.

"Yaani wewe umekaa miezi yote hii ukidhani mimi ndiye niliyemkataza?"

"Ndiyo."

"Na hukuuliza."

"Sikuuliza."

"Hukuniuliza mimi, hukumuuliza yeye." Sauti yake haikupanda, ingekuwa nafuu kama ingepanda. "Ndivyo ulivyo, baba. Mlango ukisikia umefungwa, hutazami hata kama ni upepo umeufunga. Unakaa nje kimya, unasema ni sawa. Mimi nimekaa ndani ya mlango huo miaka mingi, nasubiri ubishe."

Magego hakuwa na la kusema, na safari hii alijua kwamba kutokuwa na la kusema nako ni kusema. Kwa hiyo akajilazimisha. "Basi ni nini? Niambie."

"Moyo," alisema. "Alianguka kazini, juu ya kibanda cha lifti, Mungu si Athumani, hakudondoka shimoni. Ilikuwa wiki ile ile niliyohama. Madaktari wamemwekea masharti: asinyanyue, asikimbie, asipande vilima. Kazini wamemweka dawatini, anapokea simu za watu walionaswa. Aliniapisha nisikwambie. Alisema utamwonea huruma, na huruma yako ni ya kimya, itamuua kabla ya moyo."

Alisimama, akanyoosha nguo yake. Mlangoni aligeuka. "Nimekula kiapo, nimekivunja. Usiniangushe. Nenda kabisha."

Alikwenda jioni ile ile, kabla giza halijaingia, na mlima wa nta ameuviringisha ndani ya taulo. Shemeji alikuwa barazani. Alikuwa amepungua, shati lilimkaa kama limeazimwa. Alipomwona getini hakuinuka, lakini hakusema asiingie.

"Amekwambia," shemeji alisema.

"Ameniambia."

"Dada yangu hawezi kutunza siri hata ya samaki kunywa maji." Alivuta kiti kwa mguu. "Kaa. Na usinitazame hivyo."

"Hivyo vipi?"

"Kama unanichukua vipimo."

Walikaa. Mke wa shemeji alileta chai, akawaona wanavyotazama sakafu, akarudi ndani bila neno. Ilikuwa ajabu kumwona shemeji anatafuta maneno. Ilikuwa kama kumwona samaki anatafuta maji.

"Sikujua nitakwambiaje," alisema hatimaye. "Nilikuwa natafuta sababu ya kutokuja Jumapili ile, na nyinyi mkaniletea talaka mlangoni, imefungwa vizuri. Nikasema basi, atadhani nimeshika upande wa dada. Ilikuwa heshima zaidi. Mtu aliyekasirika bado ni mzima."

"Nilidhani mimi si shemeji yako tena."

"Na kweli, sasa tunaitanaje?" Shemeji alijaribu kucheka. "Umeshaniachia dada yangu."

Magego alifikiri. "Mwanangu anakuita mjomba. Mjomba wa mwanangu ni nani yangu?"

"Haya, bwana wakili," alisema shemeji, na kwa mara ya kwanza uso ukalegea. "Hicho ulichofunga kwenye taulo ni nini? Kama ni meno, mimi bado nina yangu."

Magego aliufunua mlima. Shemeji aliuweka magotini, akaupitisha kidole taratibu toka chini, kona kwa kona, bila kusema, mpaka kidole kikafika juu. Akakirudisha kwenye daraja.

"Hapa umekosea. Baada ya daraja ni mkali kuliko hivi. Niliwahi kupita na gari, gari lenyewe lilisali. Na umepanga kuondoka na mwendo gani?"

Magego alimweleza. Shemeji alimkatiza kabla hajafika mbali.

"Utakufa kabla ya mikaratusi kwisha! Huku chini nenda kama unakwenda kusuluhisha ugomvi usiokuhusu. Polepole. Wakikupita wanaokwenda kwa miguu, waamkie. Nguvu zote zitunze kwa ajili ya daraja. Na maji weka chumvi kidogo, si sukari tu."

Waliendelea hivyo mpaka taa za barabarani zikawaka. Ilikuwa karibu sana na zamani, na kwa sababu hiyo Magego akathubutu.

"Twende wote," alisema. "Tukodi gari, wewe ukae ndani, unifuate nyuma. Nitakusikia dirishani."

Shemeji aliuweka mlima wa nta chini, taratibu.

"Nipelekwe kwa Mama Mkwe ndani ya gari, kama gunia la viazi?" Hakuwa anatania. "Nikutazame mgongo wako njia nzima, nikijua ningekuwa mbele? Hapana, shemeji. Usiniombe hilo. Nenda wewe. Ukifika unipigie."

Magego alitaka kusema basi, sitakwenda. Lakini alijua hilo lingekuwa huruma, tena ile ya kimya. Akanywa chai iliyokwisha kupoa.

Alisafiri kwa basi, baiskeli imelazwa chini kwenye mizigo, akalala kwenye nyumba ya wageni chini ya mlima. Kulipopambazuka akatoka. Alikwenda kama anakwenda kusuluhisha ugomvi usiomhusu. Mikaratusi ilikuwa mirefu na mitulivu, barabara imetapakaa magome yake, na sauti pekee ilikuwa cheni na pumzi zake mwenyewe. Mara kadhaa alijikuta akiendesha pembezoni mwa lami, akimwachia nafasi mtu asiyekuwapo.

Kwenye daraja alikunywa maji, kisha akaingia kwenye ule ukuta. Shemeji alisema kweli. Nta ilikuwa na huruma kuliko mlima. Mapaja yaliwaka, usukani ukawa unateleza kwa jasho. Lori la kokoto lilimfikia kutoka nyuma, limeishiwa gia, likinguruma na kusonga kwa shida, na kwa muda mrefu wakapanda ubavu kwa ubavu, hakuna aliyeweza kumpita mwenzake.

"Mzee!" dereva aliita dirishani. "Nani amekulazimisha?"

"Hakuna!"

"Basi tuko tofauti. Mimi nimelazimishwa na tajiri!"

Magego alicheka mpaka akakaribia kuyumba. Walisemezana hivyo, sentensi moja kwa kila kona, na ilikuwa sehemu ngumu kuliko zote na aliipita bila kuikumbuka. Kisha lori likawasha taa ya upande, likaingia njia ya machimbo. Dereva alipiga honi. Vumbi lilipotua, barabara ilikuwa tupu kama sahani iliyolambwa.

Juu zaidi miti iliisha, upepo ukaanza, halafu ukungu. Alivaa koti la njano. Hakuiona tena barabara ila kipande kidogo mbele ya tairi, na kila kipande kilikuwa kinapanda. Alihesabu pumzi, akaacha. Alifikiria mkewe akisubiri abishe. Alifikiria shemeji dawatini, akiwatuliza kwa simu watu walionaswa katikati ya ghorofa: tulieni, fundi yuko njiani, msijaribu kutoka wenyewe.

Kisha miguu ikawa myepesi ghafla, na ilimchukua muda kuelewa kwamba barabara imelala. Palikuwa na kibao chenye kutu kinachotaja urefu wa mlima, na kibanda cha wakarabati wa barabara kilichofungwa kufuli. Walizoea kusema kwamba kutoka pale utaona pande zote mbili: huku mji wao, kule nchi wasiyoijua. Magego alitazama huku, akatazama kule. Kote kulikuwa kweupe, kama ndani ya plasta.

"Tumefika," alisema, akashtushwa na sauti yake.

Simu haikushika mtandao. Alisimama pale kadiri baridi ilivyomruhusu, kisha akageuza baiskeli, akateremka vidole vimekufa ganzi juu ya breki, mpaka kwenye kijiji cha kwanza chenye maduka. Akakaa juu ya kreti tupu la soda, akapiga.

"Umefika?" Shemeji alipokea kabla simu haijalia vizuri.

"Nimefika. Nimeshateremka. Juu hakuna mtandao."

"Haya. Nianzie chini."

Magego alianza. Alimweleza magome ya mikaratusi barabarani. Alimweleza daraja, na ukuta, na lori, na maneno ya dereva. Alimweleza kona ambayo ukidhani ni ya mwisho inakucheka. Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mpigo, kwa mke wala kwa mtoto, na upande wa pili shemeji alikuwa kimya, akijibu "Mm."

"Upo?"

"Nipo. Endelea. Juu uliona nini?"

Magego alihamishia simu sikio la pili. Uongo ulikuwa mwepesi na ulikuwa mtamu: mji, mto, nchi ya pili imetandazwa kama mkeka. Ungemdhuru nani? Lakini walikuwa wamedanganyana kwa ukimya vya kutosha.

"Ukungu," alisema. "Ukungu mtupu, shemeji. Sikuona kitu."

Halafu shemeji akaanza kucheka. Alicheka kile kicheko chake cha Jumapili, kikubwa, "Miaka yote ile! Miaka yote!" mpaka kikageuka kikohozi, na kikohozi kikageuka pumzi tu, moja, nyingine, zikisikika karibu sana na simu.

"Sawa," alisema. "Nashukuru. Ngoja nikameze dawa." Simu ikakatwa.

Magego aliteremka mpaka nyumba ya wageni. Alifua nguo zake kwenye karai, akazianika kwenye kibaraza, akaenda kula. Ukumbi ulikuwa na watu wawili watatu wakitazama mpira, wamempa mgongo. Mama mwenye nyumba alimwekea sahani mbele yake.

"Mgeni, leo ulikwenda wapi na baiskeli yako?"

"Juu. Mpaka mgongoni."

"Mwenyewe?" Alijifuta mikono kwenye aproni, akaegemea meza. "Kufanya nini?"

Magego aliweka kijiko chini. "Tulikuwa wawili," akaanza, "mimi na shemeji yangu. Tulipanga zamani sana..."

Alikuwa hajafika hata kwenye ramani, sauti ikaita kutoka jikoni kwamba sufuria inafurika, na mama akasema "samahani, nakuja," akakimbia. Magego alingoja kidogo akitazama mlango wa jikoni unavyochezacheza. Chakula kilikuwa bado cha moto. Akakichukua kijiko, akala.